Postikadi ingali na nafasi yake katika biashara

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Pamoja na utamu wake wote, methali hii imewaponza wafanyabiashara wetu wadogo wengi mno. Yule mama wa Machakos asukaye kiondo kwa mkonge aliousokota mwenyewe, na yule fundi wa Tabaka, Kisii, achongaye mawe ya sabuni, huketi wakisubiri kizuri chao kijiuze. Hakijiuzi. Aghalabu hununuliwa na wakala kwa bei ya kutupa, kikavuka bahari, na kule kiendako hapana ajuaye kilikotoka wala ni mikono ya nani iliyokitengeneza.

Hapana shaka wanafunzi watashangaa nikisema kuwa dawa mojawapo ya ugonjwa huu ni postikadi, kile kipande cha karatasi ngumu chenye picha upande mmoja na anwani upande wa pili. Watasema simu imekwisha kuizika. Ni kweli simu imezika barua nyingi. Lakini tangazo la simu hufutwa kwa kidole kabla halijasomwa, ilhali kadi iliyotiwa mkononi hubandikwa ukutani au huwekwa kitabuni kuwa alama ya ukurasa, ikakaa humo miezi na miezi.

Tangu kuzaliwa kwake postikadi ilikuwa chombo cha watu wa hesabu. Aliyeitetea hadi ikakubaliwa alikuwa mwalimu wa uchumi, Emanuel Herrmann wa Austria. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ikiwa ujumbe ni wa mistari michache, ya nini kuulipia nauli ya barua ndefu? Mnamo Oktoba 1, 1869 posta ya Austria-Hungaria ikatoa kadi ya kwanza. Mwaka mmoja baadaye Uingereza ikafuata, kadi ikitozwa nusu peni na barua peni nzima. Wenye maduka na viwanda waliidaka mara moja. Kisha mwaka 1889, Mnara wa Eiffel ulipofunguliwa mjini Paris, wageni waliuziwa kadi zenye picha ya mnara huo, wakazituma kutoka huko huko mnarani. Hapo ndipo ilipo siri yenyewe. Mnara haukumwandikia mtu. Wageni wake ndio waliowaandikia jamaa zao, tena kwa gharama zao wenyewe. Na jamaa humwamini jamaa yake kuliko amwaminivyo mwenye duka.

Pwani yetu haikuachwa nyuma. Mwanzoni mwa karne ya 20, studio ya A. C. Gomes mjini Zanzibar ilikuwa ikiuza kadi za picha, na baadaye maduka ya Nairobi na Mombasa yakajaa kadi za simba, twiga na vijana wa Kimaasai. Kadi hizo ziliitangaza nchi, hatukatai. Lakini hebu zitazame kwa makini. Binadamu aliyepigwa picha mara nyingi hana jina. Ameandikwa kabila lake tu, kana kwamba naye ni mmojawapo wa wanyama wa mbugani. Picha yake imeuzwa miaka nenda miaka rudi, na biashara iliyotangazwa si yake.

Naona sasa ni wakati wa kuigeuza kadi hiyo imtumikie aliyemo pichani. Mathalan, kila kiondo kifungiwe kadi yenye picha ya msusi, jina lake kama apendavyo liandikwe, kijiji chake, na sentensi mbili za kueleza rangi ile imetoka katika mti gani. Upande wa pili uachwe mtupu ili mnunuzi amwandikie rafiki yake. Nambari ya simu ya kulipia iwe pembeni, kwa herufi ndogo. Mgeni aliyefurahia kiondo chake huko Mombasa atakuwa mjumbe asiyelipwa mshahara.

Si lazima kadi iwe ya watalii, wala si lazima ipambwe kwa twiga. Muuza viungo wa Marikiti aweza kuchapa upande mmoja kipimo cha pilau ya watu kumi. Mwenye duka la vitabu karibu na shule aandike tarehe za kufungua na kufunga mihula. Mzazi gani atakayeitupa? Fundi cherehani aandike kwa mkono wake, siyo kwa mashine, kwamba sare uliyoshonewa Januari atakurefushia pindo bure Mei, ilete pamoja na kadi hii. Kadi ikirudi dukani, mwenyewe hujua kwamba imefanya kazi. Matangazo mengi ya redio hayana kipimo cha wazi namna hiyo.

Kuna kikwazo cha posta, nacho si kidogo. Katika miji yetu barua haziletwi mlangoni. Huenda katika sanduku, na masanduku mengi yamesahauliwa na wenyewe. Anayedhani atanunua stempu mia mbili na kuwafikia watu mia mbili anajidanganya. Fauka ya hayo, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haimpi mfanyabiashara ruhusa ya kuokota majina na anwani za watu na kuyatumia kibiashara pasipo idhini yao, ila pale sheria inaporuhusu. Kwa sababu hizo mbili, mimi ningeiweka kadi mkononi mwa mteja aliyekwisha kununua, nikamwachia yeye uamuzi wa kuituma.

Hesabu zenyewe zafaa kupigwa darasani. Tuseme kadi moja huchapwa kwa shilingi 20 na stempu ni shilingi 40. Kadi 200 zilizotumwa kwa posta zitagharimu shilingi 12,000. Ikiwa faida ya kiondo kimoja ni shilingi 400, msusi atahitaji wanunuzi 30 wapya ili arudishe fedha zake tu, yaani 15 katika kila kadi 100. Kadi hizo hizo zikigawiwa kwa mkono, gharama ni shilingi 4,000 na wanunuzi 10 watatosha. Mwanafunzi aliyeifanya hesabu hii kwa kadi aliyoibuni mwenyewe atauelewa mada wa gharama na faida kuliko yule aliyekariri fasili yake.

Walimu wa somo la biashara, pamoja na wenzao wa Kiswahili na wa sanaa, wanaweza kuanza na msusi mmoja tu wa soko lililo karibu. Wanafunzi waende wakazungumze naye kabla ya kuchukua kamera. Kwanza wamuulize iwapo anapenda picha yake itembee dunia. Na akikubali, wamuulize ni jina gani analotaka liandikwe chini yake.