Siku Mbio za Magari Zilipofufuka Hockenheim

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike juu ya mchezo wowote ule mradi usiwe kandanda, kwani kandanda imeandikwa humu mwaka nenda mwaka rudi hadi kurasa zenyewe zimechoka. Basi nimeonelea niwaeleze juu ya mbio za magari za Ujerumani ziitwazo DTM, na hasa siku moja tu, Jumapili ya tarehe 28 Mei 2000, msimu ulipofunguliwa katika uwanja wa Hockenheim. Kwa nini siku hiyo na si nyingine? Kwa sababu mchezo wenyewe ulikuwa umekufa kwa miaka mitatu kamili, na siku hiyo ndiyo iliyoamua kama ungeishi tena au ungerudi kaburini.

Kwanza tulitatue suala la jina. Herufi hizo tatu zilisimamia Deutsche Tourenwagen Meisterschaft, yaani ubingwa wa Ujerumani wa magari aina ya Tourenwagen. Mwaka wa 2000 neno la mwisho lilibadilishwa likawa Masters. Sasa, ukilitafsiri neno Tourenwagen silabi kwa silabi utapata kitu kama "gari la matembezi". Nilipowaambia wenzangu wa Kidato cha Tatu hivyo, walishikilia mbavu. "Ati nissan za watalii, zile zenye paa la kufunguka, zinashindana huko?" La hasha! Maana yake ni gari la kawaida lenye paa, milango, boneti na taa mbili mbele, kama lile la mwalimu wa zamu lililoegeshwa pale chini ya mkaratusi. Gari la langalanga ni kitu kingine kabisa: magurudumu yako nje na kichwa cha dereva kinaonekana kama cha kobe. La DTM, kwa kulitazama kwa mbali, unaweza kudhani limetoka dukani jana.

Hilo ndilo linalowavuta watu. Babu wa Kijerumani anayeendesha Opel yake kwenda kununua mkate anaketi jukwaani Jumapili na kuona Opel inayofanana na yake ikiipita Mercedes ya jirani yake tajiri. Wewe niambie, nani atabaki nyumbani?

Mashindano haya yalianza mwaka wa 1984. Cha ajabu ni kwamba mbio za kwanza kabisa za ubingwa huu wa Ujerumani hazikufanyika Ujerumani! Zilifanyika Zolder, nchini Ubelgiji, tarehe 11 Machi mwaka huo, na mshindi akawa Harald Grohs katika gari la BMW. Ajabu ya pili ni kwamba bingwa wa mwaka huo, Volker Strycek, hakushinda hata mbio moja. Alikusanya pointi zake aste aste, leo wa pili, kesho wa tatu, kama mwanafunzi asiyeongoza katika somo lolote lakini jumla ya alama zake ikawashinda wote.

Hapa nataka nipenyeze jambo linalotuhusu sisi Wakenya, kwani msije mkadhani kampuni hizi ni za ng'ambo tu zisizotujua. Mwaka wa 1983 Ari Vatanen alishinda Safari Rally yetu akiwa na Opel Ascona 400. Mwaka wa 1987 Hannu Mikkola aliishinda kwa Audi 200 Quattro, na Walter Röhrl akamfuata wa pili kwa gari kama hilo hilo. Audi walipomaliza kula vumbi letu, hawakukawia kuhamia kwenye lami. Mwaka wa 1990 waliingia DTM na gari kubwa la V8 linalovutwa na magurudumu yote manne, na mwaka huo huo Hans-Joachim Stuck akawaletea ubingwa. Tofauti ya michezo hii miwili ni kubwa, lakini. Katika Safari kila dereva anashindana na saa. Mwenzake ameondoka mbele yake na huenda asimwone kutwa nzima. Katika uwanja kama Hockenheim magari yote yanaondoka pamoja, na ukizubaa kidogo tu unagongwa ubavuni.

Sasa tuingie katika ugonjwa uliouua mchezo huu. Mjomba wangu ni makanika, na yeye husema gari huharibiwa na mambo mawili, kutotunzwa na kutunzwa kupita kiasi. Hili la pili ndilo lililoipata DTM.

Hapo awali sheria ilizitaka kampuni zitengeneze na kuwauzia watu wa kawaida magari yanayofanana na yale ya mashindano. Mercedes walipotaka kutumia gari lao la 190E Evolution II, lenye bawa la nyuma kubwa kama meza, ilibidi watengeneze angalau 500 ya kuuza. Walitengeneza 502. Yaani ungeweza kwenda dukani ukiwa na kibunda chako ukanunua. Lakini mwaka wa 1992 Audi walipingwa kwa sababu ya mtaimbo wa injini ambao wapinzani walidai si sawa na ule wa gari la dukani, na uamuzi ulipowaendea vibaya wakafunga virago katikati ya msimu. Mwaka uliofuata sheria zikageuzwa. Injini zikawa za lita 2.5, silinda zisizozidi sita, na ndani ya ngozi ya gari wahandisi wakaruhusiwa kufanya karibu watakavyo.

Alfa Romeo kutoka Italia waliingia mwaka huo wa 1993, na katika ufunguzi wa msimu huko Zolder dereva wao Nicola Larini akashinda mbio zote mbili, kisha akanyakua ubingwa wenyewe. Wajerumani walishika tama! Mercedes na Opel wakaamua kwamba hawatakubali aibu tena, na kila mmoja akafungua mfuko. Ikawa kompyuta zinaamua breki zishike vipi, kompyuta zinazuia magurudumu yasiteleze, gia zinabadilishwa kwa mitambo ya majimaji, na injini zile ndogo zikatoa nguvu za farasi karibu 500. Mwaka wa 1996 mashindano yalifanywa ya kimataifa na yakapelekwa hadi Suzuka huko Japani na São Paulo huko Brazil. Magari yalikuwa ya ajabu. Gharama nazo zilikuwa za ajabu. Mwisho wa mwaka huo Opel na Alfa Romeo wakasema basi, na Mercedes wakabaki peke yao. Mbio za kampuni moja si mbio, ni maandamano. Mchezo ukafa.

Kwa hivyo mnaona, waliokaa kuufufua hawakuwa na tatizo la kuunda gari la kasi. Tatizo lao lilikuwa kuunda sheria zitakazowazuia wahandisi wenyewe. Hapa ndipo penye utamu kwangu mimi, na naomba msomaji univumilie.

Sheria za mwaka wa 2000 zilisema hivi. Injini iwe V8 ya lita 4, mbele ya dereva, ikisukuma magurudumu ya nyuma peke yake. Tundu la kuvutia hewa lifinywe kwa kipimo kimoja kwa wote. Injini ni kama mwanariadha, haiwezi kukimbia zaidi ya pumzi yake, kwa hivyo hata ukiajiri mhandisi bingwa wa dunia nguvu zake haziwezi kupita kiasi fulani. Kompyuta za breki na za kuzuia kuteleza zikapigwa marufuku. Mguu wa dereva ukarudishiwa kazi yake. Sehemu nyingi ghali zikafanywa za aina moja kwa magari yote, na matairi yote yakatoka kwa Dunlop.

Na lile gari la dukani je? Ukweli ni kwamba lilibaki sura tu. Mercedes walileta CLK, Opel wakaleta Astra ya milango miwili, na kikosi cha Abt kikaleta Audi TT. Lakini hakuna Astra yenye injini ya V8 iliyowahi kuuzwa kwa mwananchi. Chini ya ile ngozi kulikuwa na mifupa ya mabomba ya chuma, na dereva aliketishwa nyuma sana ili uzito usawazike. Wengine husema huo ni udanganyifu. Kwa maoni yangu afadhali udanganyifu huo kuliko uwanja mtupu, ingawa namwelewa anayenung'unika.

Haya, tufike Hockenheim. Mji wenyewe ni mdogo, uko kusini-magharibi mwa Ujerumani, karibu na Heidelberg na Mannheim, mahali tambarare katika bonde la mto Rhine. Uwanja ulijengwa mwaka wa 1932. Miaka ya sitini barabara kuu ilipitishwa hapo ikaukata, na ndipo ikajengwa sehemu mpya iitwayo Motodrom, iliyofunguliwa mwaka wa 1966. Hapo majukwaa yamezunguka kona kadhaa kama uwanja wa mpira, hata mtazamaji mmoja anaweza kuona magari yakiingia, yakipinda na kutoka. Zamani barabara iliyosalia ilitokomea msituni. Mwaka wa 2002 msitu uliachwa na mzunguko ukafupishwa kuwa wa kilomita 4.574.

Mbio za kufungua msimu zina wasiwasi wake wa pekee. Wakati wa baridi kila kikosi hufanya mazoezi na kila kimoja huficha makali yake. Mmoja anajaza mafuta mengi ili aonekane mzito, mwingine haendi kwa kasi yake yote. Hakuna ajuaye ukweli mpaka siku ile. Mwaka huo wa 2000 kitendawili kilikuwa kigumu zaidi kwa sababu magari yote yalikuwa mapya, sheria mpya, na hakukuwa na matokeo ya mwaka uliotangulia ya kulinganisha nayo. Kama gari la kampuni moja lingekuwa na kasi kupita mengine yote, wale wengine wangeweza kukata tamaa na kuondoka. Kama injini zingekufa moja baada ya nyingine, watazamaji wangecheka na kwenda zao.

Walioingia uwanjani hawakuwa wageni wote. Alikuwamo Klaus Ludwig, bingwa wa 1988, 1992 na 1994, mzee wa miaka 50! Alikuwamo Manuel Reuter wa Opel, aliyekuwa bingwa wa mwisho kabla mchezo haujafa. Na alikuwamo Bernd Schneider wa Mercedes, bingwa wa 1995, ambaye kabla ya hapo aliwahi kujaribu langalanga bila mafanikio makubwa.

Mbio zilikuwa mbili siku hiyo, na mshindi wa kila moja alipata pointi 20, wa pili 15. Schneider alishinda ya kwanza. Akashinda na ya pili. Kama ni mtihani, basi alizoa zote.

Kabla sijaendelea, niwajibu wale walioniuliza juu ya matairi. Wameona pichani kwamba ni kipara, hayana meno hata kidogo. Askari wa trafiki angelisimamisha gari hilo hapo hapo! Lakini meno ya tairi kazi yake ni kutafutia maji njia ya kutokea. Pakiwa pakavu hayana faida, yanapunguza tu mpira unaogusa lami. Tairi kipara hugusa kwa upana wake wote, na mpira wake ni laini, ukipata moto unanata kama ulimbo. Mvua ikinyesha lazima dereva aingie kwa mafundi abadilishiwe, la sivyo atateleza kama aliyekanyaga ganda la ndizi. Mafundi hao huinua gari kwa jeki za hewa zilizofichwa tumboni mwake, na kila gurudumu lina nati moja tu katikati. Mjomba wangu aliposikia hivyo alisikitika sana, akikumbuka zile nati nane za lori.

Wasichana wa klabu yetu nao waliniuliza kama mwanamke amewahi kushinda. Ndiyo, na ni hapo hapo Hockenheim. Tarehe 24 Mei 1992 Ellen Lohr, akiendesha Mercedes 190E, aliwaacha wanaume wote nyuma. Hadi sasa hakuna mwanamke mwingine aliyeshinda mbio za DTM.

Baada ya ufunguzi ule Schneider aliendelea hadi akawa bingwa wa 2000, akarudia 2001, kisha 2003 na 2006, jumla mara tano. Wale waliohofia Mercedes watatawala peke yao walipata jibu mwaka wa 2002, Laurent Aiello alipotwaa ubingwa kwa ile Audi TT. Opel walijitoa mwishoni mwa 2005. BMW, waliokuwa wametoweka tangu 1992, walirudi mwaka wa 2012. Ufunguzi wa Hockenheim mwaka huo ulikwenda kwa Gary Paffett wa Mercedes, lakini ubingwa BMW wakaubeba kwa mkono wa Bruno Spengler. Kisha ule ugonjwa wa kale ukabisha hodi tena. Mercedes waliondoka mwisho wa 2018, na baada ya msimu wa 2020 Audi nao wakaaga.

Safari hii hawakungoja mgonjwa azikwe. Kuanzia mwaka wa 2021 DTM inatumia magari ya aina ya GT3, ambayo kikosi chochote chenye fedha kinaweza kununua tayari kutoka kwa kampuni: Porsche, Lamborghini, Ferrari na kadhalika. Si magari ya babu wa mkate tena. Nao ufunguzi umehama; mwaka wa 2023, 2024 na 2025 msimu ulianzia Oschersleben, upande wa mashariki mwa Ujerumani, na Hockenheim ikawekwa mwisho, mwezi wa Oktoba, ubingwa unapoamuliwa.