Macho Kwanza, Mashine Baadaye

Mama wa Mkalama, mkoani Singida, anayegeuka kitandani alfajiri, akaona paa linamzunguka, akafumba macho na kutapika, kisha akatulia kabla dakika haijaisha, ana dalili zinazojieleza. Akifika zahanati, mara nyingi atapimwa presha, atachomwa kidole kupimwa malaria, na vyote vikiwa sawa atapewa vidonge vya kutuliza kizunguzungu. Vipimo hivyo si vibaya. Malaria na upungufu wa damu vipo Singida. Lakini hakuna hata kimoja kinachogusa kiungo chenye kasoro, yaani sikio la ndani. Hoja yangu ni kwamba ugonjwa huu, ambao ndio unaoongoza miongoni mwa vizunguzungu vya sikio, unaweza kutambuliwa na kutibiwa na tabibu wa zahanati siku hiyohiyo, kwa kitanda, mikono na macho yake. Wala sisemi hivyo ili kuwafariji wasio na mashine. Ndiko utafiti wa miaka mia moja ulikofika.

Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu midogo yenye majimaji, inayouarifu ubongo kichwa kinageukia wapi. Jirani yake zimo chembe za chokaa zinazotusaidia kuhisi mvuto wa dunia. Kwa umri, au baada ya kugonga kichwa, baadhi ya chembe hubanduka na kuingia mferejini. Mtu akilalia upande fulani zinaporomoka, majimaji yanasukumwa, na ubongo unapokea taarifa ya mzunguko ambao haupo. Macho huitii taarifa hiyo. Robert Bárány wa Vienna aling'amua uhusiano huo alipokuwa akisafisha masikio ya wagonjwa: maji ya baridi yaliyachezesha macho upande mmoja, ya moto upande wa pili. Tuzo ya Nobel ya 1914 ilimkuta akiwa mateka wa vita mikononi mwa Warusi. Mwaka 1952, jijini London, Margaret Dix na Charles Hallpike walieleza kipimo kinachotumika mpaka leo. Mgonjwa anakaa kitandani miguu imenyooka, kichwa kinageuzwa digrii 45, halafu analazwa chali upesi, kichwa kikining'inia kidogo ukingoni, macho wazi. Zinapita sekunde chache. Kisha macho yanaanza kurukaruka kwenda juu huku yakijizungusha kuelekea sikio la chini, na kabla ya dakika yanatulia. John Epley wa Portland, Marekani, akaenda hatua moja mbele: chembe zilizoingia kwa mwendo zitolewe kwa mwendo. Kichwa kinageuziwa upande wa pili, mwili unafuata mpaka uso utazame chini, kisha mgonjwa anaketishwa, kila hatua ikingoja nusu dakika hivi. Wenzake walimbeza kwa miaka. Alichapisha matokeo yake mwaka 1992, na majaribio yaliyofuata yakampa haki yake.

Daktari makini atauliza: na kama ni kiharusi? Swali ni zito. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta wagonjwa wapya wa kiharusi takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 316 Dar es Salaam. Lakini kizunguzungu cha kiharusi kwa kawaida hakingoji mtu ageuke kitandani; hudumu saa nyingi, hata siku. Na hata kwa hao, mwaka 2009 Jorge Kattah, David Newman-Toker na wenzao walichunguza wagonjwa 101 wenye kizunguzungu kisichokatika na angalau kihatarishi kimoja cha kiharusi. Kuangalia mwendo wa macho kando ya kitanda hakukukosa kiharusi hata kimoja, ilhali picha ya kwanza ya MRI ilikosa asilimia 12. CT, ambayo ndiyo watu huisafiria, ni dhaifu zaidi kwa kiharusi cha nyuma ya ubongo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba uchunguzi ule ulifanywa na bingwa. Nakubali, na ndiyo maana sisemi tabibu wa Ikungi aamue peke yake nani hana kiharusi. Kazi yake ni kuuliza kizunguzungu kinadumu muda gani na kinaletwa na nini, kisha afanye kipimo cha Dix na Hallpike, akiwaepusha wenye shingo mbovu. Anayeona vitu viwiliviwili, anayeparaganya maneno, asiyeweza kusimama bila kushikwa au aliyepoteza usikivu ghafla, huyo aende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa leo hii, na ikibidi Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kilomita 240 hivi kutoka Singida. Mwenye chembe zilizopotea njia hana sababu ya kulipa nauli hiyo. Vidonge navyo vinapooza dalili tu, chembe zikibaki palepale, na kwa mzee vinaleta usingizi na kumweka katika hatari ya kuanguka na kuvunjika nyonga. Ni kweli ugonjwa huu hurudi kwa baadhi ya watu. Kwa hao lipo zoezi ambalo madaktari wa neva Thomas Brandt na Robert Daroff walilieleza mwaka 1980: mgonjwa anaketi ukingoni mwa kitanda, anajilaza ubavu mmoja, anangoja kizunguzungu kiishe, anaketi tena, kisha ubavu wa pili. Anaweza kufundishwa hapohapo zahanati kabla hajaondoka, na kulifanya mwenyewe nyumbani.