Seremala, Ijue Mbao Yako Inatoka Wapi

Seremala wa kijijini ana taabu mbili. Ya kwanza ni kupata mbao ngumu. Ya pili ni kupata vyombo vya kazi. Wengi husema dawa yake ni fedha nyingi. Siyo kweli. Fedha ya mtu asiyejua kuchagua huishia kwenye mbao mbovu. Basi tujifunze kuchagua.

MBAO ZA KARIBU

Tuanze shambani. Huku Vugiri, mgrivea ni mti wa kupandwa. Mbao yake siyo ngumu sana, lakini inafaa kwa meza na kabati. Mfenesi mzee una mbao ya manjano, ngumu, na mchwa hawaipendi. Ongea na jirani kabla hajaupasua mti wake kuwa kuni.

Upande wa Handeni kuna mninga. Ukiuchanja, hutoa utomvu mwekundu kama damu. Mbao yake ikikauka haipindi ovyo. Ndiyo maana inafaa sana kwa milango na vitanda.

Muheza kuna shamba la mitiki la Serikali, liitwalo Longuza. Linasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Fundi mmoja hawezi kununua miti mingi. Lakini mafundi watano wakichanga fedha, wanaweza kununua mbao kwa mtu aliyevuna kwa kibali.

MBAO ZA WIZI

Msitu wa hifadhi ulioko mlimani tusiuguse, hata kama mkulo wake unapendeza. Maji ya milima hii hulisha Mto Lwengera na Mto Pangani. Msitu ukiisha, chemchemi nazo zitakauka.

Ukinunua mbao, dai risiti na hati ya kusafirishia. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inampa ofisa wa misitu uwezo wa kukamata mbao zisizo na hati. Mbao ya bei rahisi isiyo na hati inaweza kukupotezea mbao, fedha na jina lako.

MBAO KAVU NA MBAO MBICHI

Mlango wa mbao mbichi hupinda na kupasuka. Mteja harudi tena. Pima hivi:

1. Kata kipande kidogo cha mbao, ukipime kwenye mizani.
2. Kiweke kivulini penye hewa kwa wiki mbili.
3. Kipime tena. Kikiwa kimepungua uzito, mbao bado ni mbichi.

Mbao mbichi ipange kivulini, juu ya magogo, isiguse ardhi. Kati ya mbao na mbao weka vijiti ili hewa ipite. Ngoja miezi kadhaa.

Tazama pia rangi. Katika mninga na mtiki, sehemu nyeupe ya pembeni huliwa na wadudu. Lipia kiini.

VYOMBO VYA KAZI

Usinunue vyombo vingi kwa siku moja. Anza na msumeno, randa, patasi, nyundo, guni na tupa. Maduka ya vifaa yapo Korogwe mjini. Msumeno ukunje kidogo kisha uuachie. Ukibaki umepinda, urudishe dukani kwake. Randa itazame tako lake: liwe limenyooka.

Mhunzi naye asisahauliwe. Springi kuukuu ya gari ni chuma kizuri cha patasi na tezo. Akishamaliza, pitisha tupa kwenye makali. Tupa ikila chuma kwa urahisi, makali ni laini mno. Mwambie akirudishe motoni.

Mafundi wakiungana katika kikundi, wanaweza pia kuomba ushauri SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973. Lina ofisi mjini Tanga.

Mwisho, ndugu msomaji, mti mgumu hauoti kwa mwaka mmoja. Kila seremala na apande mitiki au migrivea michache mpakani mwa shamba lake. Mwanawe atapata mbao bila kwenda mbali.