INJINI ZA KESHO NA PIKAPU YA MKULIMA: TUNGOJE AU TUNUNUE?

Kwenye barabara ya Malaba, pale malori yanaposimama katika foleni yakingoja kuvuka kwenda Uganda, na katika gereji za mji wa Busia, yako mazungumzo yasiyokwisha: injini ya kesho itakuwa ya namna gani? Dereva mmoja husema dizeli imefika mwisho wake. Mwenzake humjibu kwamba hata wajukuu wetu wataendesha dizeli. Vijana nao hupenda kukisia habari za magari ya mbio na pikapu zenye nguvu nyingi.

Mazungumzo hayo ni mazuri ya kupitisha wakati, lakini kwa mkulima wa skimu ni jambo la fedha. Kikundi cha majirani kikikopa na kununua injini isiyofaa, kitalipa deni miaka mingi huku gari limewekwa juu ya mawe. Na kikingoja bila mwisho, mahindi na mihogo vitaendelea kupelekwa sokoni kwa gari la kukodi, na faida itabaki kwa mwenye gari. Basi yafaa tupime maneno haya kwa mambo yanayojulikana.

VIWANDA VINATENGENEZA NINI

Mwishoni mwa mwaka 2024 kampuni ya Isuzu ilitoa huko Thailand injini mpya ya dizeli ya lita 2.2 kwa pikapu yake ya D-Max, ichukue mahali pa ile ya lita 1.9. Ile ya kwanza ilikuwa na nguvu za farasi 150. Hii ina 163. Lakini katika Machi ya mwaka huo huo, kampuni hiyo hiyo ilikuwa imeonyesha mjini Bangkok D-Max inayokwenda kwa umeme tupu.

Toyota nayo ilionyesha Hilux mpya mwezi wa Novemba 2025. Iko ya dizeli, iko na ya umeme, na kampuni imesema kwamba ya haidrojeni itafuata mwaka 2028. Ford imetia katika Ranger injini mseto, yaani injini ya petroli ya lita 2.3 ikisaidiwa na mota ya umeme.

Mkulima mwenye akili ataona jambo hapa. Wenye viwanda wenyewe hawakuweka mayai yote katika kikapu kimoja. Ikiwa wao wanaopanda mbegu tatu au nne katika shamba moja hawajui ni ipi itakayozaa zaidi, sisi tusimwamini sana mtu wa gereji anayesema anajua.

FUNZO LA SAFARI RALLY

Wako wanaosema kwamba magari ya mbio huonyesha njia, na ya kawaida hufuata. Tazameni basi Safari Rally yetu. Mashindano hayo yalirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, na sasa hufanyika Naivasha. Mwaka 2022 magari makubwa yalitiwa mota ya umeme na betri kuisaidia injini ya petroli ya lita 1.6. Wengi walisema hapo hapo kwamba injini tupu ya mafuta haitarudi tena.

Lakini kuanzia mwaka 2025 mota na betri hizo ziliondolewa. Gharama ilikuwa kubwa, na kazi ya kuzitunza ilikuwa ngumu. Gari likapunguzwa uzito kwa kilo 80.

Huko Ulaya pia mambo yamegeuka. Mwaka 2023 ilipitishwa sheria ya kumaliza uuzaji wa magari madogo mapya ya petroli na dizeli ifikapo 2035. Desemba 2025 Tume ya Ulaya ikapendekeza sheria hiyo ilegezwe. Maana yake si kwamba umeme umeshindwa. Maana yake ni kwamba makisio ya leo yaweza kupinduka kabla mkopo wako haujalipwa nusu.

ZITAFIKA LINI KWETU

Katika Kenya, gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa likiwa limepita miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza. Kwa hiyo gari lililoandikishwa ng'ambo mwaka 2025 laweza kuletwa hapa hata mwaka 2032. Kwa mtu anayenunua gari lililotumika, injini ya kesho ni ile inayouzwa mpya ng'ambo leo.

Upande wa Uganda, tangu mwaka 2018, kipimo ni miaka 15. Ndiyo sababu ng'ambo ya mpaka huonekana magari yenye injini za zamani zaidi, na bei yake humvuta mtu. Jihadharini. Gari la namba za Uganda likinunuliwa na kuletwa huku kwa njia za panya bila kulipiwa ushuru laweza kukamatwa, na mwenyewe akapoteza gari na fedha pamoja.

ADUI NI MAFUTA MACHAFU

Injini za dizeli za zamani zilisukuma mafuta kwa pampu ya kawaida, na fundi wa sokoni aliweza kuzifungua. Injini za sasa husukuma dizeli kwa nguvu isiyo na kifani. Gurudumu la pikapu hujazwa upepo wa pauni kama 35. Ndani ya bomba la dizeli la injini ya sasa, nguvu hufika pauni 29,000, yaani zaidi ya mara 800. Mafuta hupita katika tundu za nozeli ambazo ni nyembamba kama unywele.

Sasa fikirini dizeli ya mitungi inayouzwa kando ya barabara. Ikiwa na tone la maji au mchanga, nozeli na pampu huharibika. Ikichanganywa na mafuta ya taa, ni mbaya vile vile, kwa sababu dizeli ndiyo inayolainisha pampu, na mafuta ya taa hayalainishi vizuri. Mchezo huo wa kuchanganya ulienea hata Serikali, Septemba 2018, ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuukomesha.

Injini mpya kabisa huwa na kichujio cha masizi katika bomba la moshi. Kichujio hicho hujisafisha gari likienda mbio safari ndefu. Gari linalotoka shambani kwenda sokoni kilomita 5 na kurudi kila siku laweza kukizibisha. Nyingine hutumia maji ya urea kusafisha moshi. Urea hiyo ni ya jamii moja na mbolea tunayoijua, lakini asidanganyike mtu akakoroga mbolea ya shamba na kuitia ndani ya gari. Ya gari husafishwa sana na kupimwa, sehemu 32.5 za urea katika 100. Ya shamba itaharibu mtambo.

JE, UMEME?

Tufanye hesabu. D-Max ya umeme ina betri ya kilowati-saa 66.9, na wenye kiwanda wasema yaweza kwenda kilomita 263 kwa chaji moja. Kutoka Busia mpaka Kisumu ni kilomita kama 110. Kwenda na kurudi ni 220. Gari likiwa na tani moja, yaani magunia 11 ya kilo 90, halitafika kipimo hicho cha kiwanda. Mtu atalazimika kuchaji Kisumu au kusimama njiani. Hilux ya umeme huchukua mzigo wa kilo kama 700 tu, yaani magunia 7.

Lakini kwa kazi ya karibu, kama kutoka Malaba mpaka Busia, kilomita kama 30, hesabu ni nyingine. Umeme hauna nozeli, hauna oili ya injini ya kubadilishwa, na hakuna wa kuuchanganya na mafuta ya taa. Anayesema gari la umeme halifai kabisa amekosea. Anayesema linafaa kila kazi amekosea pia.

SHAURI LETU

1. Kabla ya kuuliza injini gani, andikeni kazi yenu ya mwaka mzima: magunia mangapi, sokoni wapi, kilomita ngapi. Kama kazi ni ya miezi miwili tu, kukodi ni bora kuliko kukopa.

2. Kama kazi ni ya kila juma na mzigo ni mzito, msingoje. Dizeli itakuwako miaka mingi. Chagueni injini ambayo spea zake ziko Busia, Bungoma au Kisumu, na fundi mwenye mashine ya kuisoma anajulikana.

3. Msinunue injini yenye kichujio cha masizi kwa safari fupi tupu. Ulizeni jambo hili kabla ya kutoa hata senti moja.

4. Nunueni dizeli katika kituo chenye jina, mchukue risiti. Kichujio cha dizeli kibadilishwe kwa wakati wake, na maji yaliyomo yamwagwe. Kichujio ni bei ya kuku. Nozeli nne ni bei ya ng'ombe.

5. Mwenye kazi ya karibu na umeme wa kutegemewa, na ambaye hana haraka, aweza kungoja aone bei ya pikapu za umeme zilizotumika zitakapoanza kufika.

Kikundi kikikutana kuamua, karani asome hesabu ya magunia na kilomita kwanza. Habari za nguvu za farasi zisomwe baadaye.