Je, Wajua? Kadi ya Mwandishi

Ukifika kwenye dirisha la mapokezi la kituo cha afya, iwe hapa Levolosi au kwingine kokote Arusha, utaulizwa majina yako matatu kabla ya kuulizwa unaumwa nini: lako, la baba na la ukoo. Kwa majina hayo karani anajua aanzie rafu gani kutafuta faili lako. Yakiandikwa leo kwa mpangilio huu na kesho kwa mwingine, mtu mmoja anakuwa na mafaili mawili, na la zamani halionekani tena.

Wakutubi wanaijua shida hiyo vizuri. Kwao msomaji huja na swali jepesi kulitamka: mwandishi fulani ameandika nini, na cha karibuni ni kipi? Kwa zaidi ya miaka mia moja swali hilo lilijibiwa na kadi ngumu ya karatasi yenye upana wa sentimita 12.5 na kimo cha 7.5. Juu kabisa liliandikwa jina la mwandishi, kisha jina la kitabu, mji, mchapishaji na mwaka. Pembeni kushoto iliwekwa namba ya rafu. Kwa fasihi ya Kiswahili, mpango wa Dewey huanza na 896.392. Chini ya kadi palikuwa na tundu, na ndani ya droo chuma chembamba kilipita katika matundu yote ili mtu asiondoke na kadi mfukoni.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko karatasi. Katika karne ya tatu kabla ya Kristo, Callimachus wa Aleksandria aliorodhesha waandishi wa Kigiriki na kazi zao katika magombo 120. Mwaka 987, Ibn al-Nadim wa Baghdad, aliyeishi kwa kunakili na kuuza vitabu, alitunga al-Fihrist, orodha ya waandishi na maandiko yao yaliyopatikana kwa Kiarabu. Neno letu faharasa ni ndugu wa jina la kitabu hicho. Kadi zilikuja baadaye. Serikali ya mapinduzi ya Ufaransa ilipotaka kuorodhesha vitabu vilivyotwaliwa kutoka makanisani, mwaka 1791 iliagiza viandikwe kwenye karata za kuchezea, kwa kuwa siku hizo mgongo wa karata ulikuwa mweupe. Mwaka 1876 Mmarekani Charles Cutter aliandika kanuni ambayo bado inafuatwa: orodha ya maktaba lazima imwoneshe msomaji kila kitu ilichonacho cha mwandishi mmoja, mahali pamoja.

Mahali pamoja, lakini chini ya jina lipi? Hapo ndipo Waafrika tulipowapa wakutubi kazi. Chukua mfano mmoja. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1967 yeye na mwanasheria Earle Seaton walitoa kitabu juu ya kesi hiyo ya ardhi. Mlimani Meru mtu huyu ni Kirilo. Katika orodha ya maktaba yuko kwenye herufi J, kwa sababu kanuni ilitungwa na watu ambao jina lao la mwisho ni la ukoo. Vivyo hivyo Shaaban Robert yuko kwenye R, ingawa Robert lilikuwa jina la baba yake. Mwanafunzi anayefungua herufi S na kumkosa hana kosa lolote. Dawa ni kadi ndogo ya kuelekeza: aliyetafuta Shaaban aambiwe aende Robert. Kadi hiyo haina kitabu hata kimoja, na kwangu mimi ndiyo yenye huruma kuliko zote.

Kuna na vitabu vyenye wenyewe wawili. Mabepari wa Venisi, kilichotoka mwaka 1969, kina kadi chini ya Shakespeare, aliyetunga, na nyingine chini ya Nyerere, aliyetafsiri. Bila ile ya pili, anayemfuatilia Mwalimu angekutana na hotuba zake tu, asijue kwamba rais huyo alikaa na mashairi ya Mwingereza hadi yakakubali Kiswahili.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kadi hazikulifanya vizuri. Chini ya jina la mwandishi, desturi ilikuwa kuzipanga kwa herufi za majina ya vitabu. Mchukue Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe. Kwa herufi, kadi yake ya kwanza ni Dhifa, diwani ya mwaka 2008. Ya mwisho ni Rosa Mistika, riwaya ya 1971 iliyomtambulisha. Ungedhani droo imepangwa kuanzia kipya kwenda cha zamani, lakini ni bahati ya herufi tu, kwa maana katikati mambo yamevurugika: Dunia Uwanja wa Fujo ya 1975 iko mbele ya Kaptula la Marx ya 1999.

Zipange upya kwa miaka, mpya juu, uzisome kutoka chini, na mtu mwenyewe anaonekana. Riwaya nne zinafuatana kwa kasi kuanzia 1971 hadi 1979, zote za maisha tunayoyatambua. Kisha miaka 11 inapita bila riwaya. Halafu zinatoka Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991, vitabu vyembamba vinavyosomeka kama ndoto, mwandishi akiwa ameacha njia aliyoifungua mwenyewe. Ukimya ule ni sehemu ya habari zake, na hakuna kadi inayouandika. Unauona kwenye pengo la miaka peke yake. Hata hivyo mwaka wa kuchapwa nao una mitego: Kaptula la Marx iliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970, ikakaa karibu miaka 20 kabla ya kuchapwa.

Kompyuta hupanga kwa tarehe kwa kufumba na kufumbua, ila nayo inataka kufundishwa. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha kuanzia tarehe 26 Januari 1967, katika jengo la Kaloleni ambalo leo ni Makumbusho ya Azimio la Arusha, si mbali na Levolosi. Azimio lenyewe lilitangazwa tarehe 5 Februari. Andika 26-01-1967 na 05-02-1967, kisha iambie mashine izipange kama maneno: sifuri itatangulia mbili, na Azimio litatangazwa kabla ya mkutano uliolipitisha. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa ISO 8601, kilichotolewa mwaka 1988, kinaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Ukiandika 1967-01-26 na 1967-02-05, historia inakaa sawa.

Shirika la OCLC la Marekani, lililokuwa likizichapia maktaba kadi, lilichapa za mwisho tarehe 1 Oktoba 2015. Kanuni za majina hazikufa nazo. Zimo ndani ya kompyuta za maktaba hadi leo. Kwa hiyo ukitaka kusoma habari za Ngare Nanyuki kutoka kwa aliyezibeba hadi New York, mwambie mkutubi akutafutie Japhet, Kirilo. Akikosa, ajaribu Seaton.