Mike Maddux: alizunguka timu 9 bila kombe, akalipata akiwa kocha

Tarehe 1 Novemba 2023, katika mji wa Phoenix, Marekani, timu ya Texas Rangers iliishinda Arizona Diamondbacks 5-0 na kuchukua ubingwa wa besiboli kwa mara ya kwanza katika historia yake. Kati ya makocha wa timu hiyo alikuwemo mwanamume wa miaka 62, Mike Maddux. Alikuwa amecheza miaka 15 katika ligi kuu bila kupata kombe hilo hata mara moja.

Kwa wasioujua mchezo huu: katika besiboli, mrushaji husimama mita 18 na nusu hivi mbele ya mpigaji mwenye fimbo. Kazi yake ni kurusha mpira kwa namna ambayo mpigaji ataukosa au ataupiga vibaya. Mechi ina vipindi 9, na mkono wa mrushaji huchoka. Ndiyo sababu kila timu inakuwa na warushaji wa akiba, wanaoingia mwenzao anapoishiwa nguvu.

Maddux alizaliwa tarehe 27 Agosti 1961 huko Dayton, katika jimbo la Ohio. Baba yake alikuwa mwanajeshi wa jeshi la anga, kwa hiyo jamaa ilihamahama kabla ya kufika Las Vegas. Mwaka wa 1982 timu ya Philadelphia Phillies ilimchagua katika zamu ya tano, maana yake timu zote zilikuwa zimekwisha kuchagua vijana wengi kabla yake. Alianza kucheza katika ligi kuu mwezi wa Juni 1986.

Mwaka uleule mdogo wake, Greg, aliingia katika ligi kuu upande wa Chicago Cubs. Tarehe 29 Septemba 1986 ndugu hao wawili walikutana uwanjani huko Philadelphia, kila mmoja akianza mechi kama mrushaji wa timu yake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ndugu wawili walio katika mwaka wao wa kwanza kupambana hivyo. Mdogo ndiye aliyeshinda, 8-3.

Tangu siku hiyo njia zao ziliachana. Greg alishinda mechi 355, akapata mara nne mfululizo, kuanzia 1992 hadi 1995, tuzo la Cy Young linalopewa mrushaji bora. Mwaka wa 2014 aliingizwa katika nyumba ya magwiji wa besiboli huko Cooperstown. Mike alimaliza na ushindi 39 na kushindwa 37.

Kutoka Philadelphia, Mike alikwenda Los Angeles, kisha San Diego, New York, Pittsburgh, Boston, Seattle, Montreal na Houston. Kwa jumla ni timu 9. Mwaka wake mzuri zaidi ulikuwa 1991 huko San Diego, aliposhinda mechi 7 na kupoteza 2. Lakini miaka ya namna hiyo haikuwa mingi. Alicheza mechi 472, na nyingi kati ya hizo aliingia kama akiba. Mchezaji wa aina hiyo hana uhakika wa kesho: mkono ukilegea kidogo, timu inamwacha, naye anafunga mizigo na kutafuta mwajiri mwingine.

Mwaka wa 2000 aliacha kucheza. Waswahili husema kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Alianza kufundisha katika ligi za chini, kwenye timu ya Round Rock huko Texas, na mwaka wa 2003 Milwaukee Brewers walimpa kazi ya kocha wa warushaji katika ligi kuu.

Kazi hiyo inafanana na ya kocha wa magolikipa katika mpira wa miguu. Kocha mkuu anaongoza timu nzima, lakini huyu anawaangalia warushaji tu: namna wanavyosimama, mpira gani warushe kwa mpigaji gani, na lini mkono umechoka.

Texas Rangers walimchukua kwa msimu wa 2009. Mwaka wa 2008 warushaji wao walikuwa wa mwisho katika ligi kuu nzima, wakiruhusu kwa wastani pointi 5,37 kwa vipindi 9. Mwaka wa kwanza wa Maddux wastani huo ulishuka hadi 4,38, na mwaka wa 2010 ukafika 3,93. Mwaka huo C.J. Wilson, aliyekuwa mrushaji wa akiba, aliwekwa kuanza mechi, akashinda 15. Rangers wakafika fainali kwa mara ya kwanza.

Walishindwa na San Francisco. Mwaka wa 2011 walirudi fainali, na maumivu yakazidi. Katika mechi ya sita dhidi ya St. Louis, mara mbili ulibaki mrusho mmoja tu mzuri ili wawe mabingwa. Mara zote mbili wapinzani walisawazisha, wakashinda 10-9, kisha wakachukua mechi ya saba pia.

Maddux aliondoka mwisho wa 2015. Huko Washington, Max Scherzer alipata Cy Young ya 2016 na ya 2017 akiwa chini yake. Baadaye alifundisha miaka mitano huko St. Louis, kabla ya kurudi Texas mwaka wa 2023.

Msimu huo haukuwa mwepesi. Jacob deGrom, mrushaji aliyetegemewa zaidi, alianza mechi 6 tu, kisha akapasuliwa kiwiko. Scherzer aliletwa katikati ya msimu, lakini mgongo ulimtoa katika mechi ya tatu ya fainali. Wengine walibeba mzigo. Katika mechi ya mwisho Nathan Eovaldi alirusha vipindi 6 bila kuruhusu pointi, na warushaji wa akiba wakamalizia kazi. Kazi hiyo ya akiba Mike Maddux mwenyewe aliifanya miaka mingi, katika timu 9.