Kipuri Kikikataa Kuingia, Usikimbilie Nyundo

Mayoni ni soko lililo katika nchi ya miwa, kaunti ya Kakamega, kando ya barabara itokayo Mumias kwenda Bungoma. Mahali kama hapo gari halitupwi kwa sababu ya uzee tu. Peugeot 404, ambayo ilishinda mbio za Safari katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, iliacha kuundwa Ufaransa mwaka 1975. Lakini iliyotunzwa vizuri ni mali hata leo. Shida ya magari ya namna hiyo ni vipuri. Mwenye gari hutafuta kwa muda mrefu, hulipa fedha nyingi, na siku ya kukitia kipuri mahali pake, chakataa kuingia.

Hapo wengi hushika nyundo. Yafaa tueleze kwa nini jambo hilo ni la hatari, na lipi lifanywe badala yake. Tutachukua mfano wa beringi ya gurudumu, yaani zile pete mbili za chuma zenye gololi katikati.

Kwanza, hakikisha kwamba kipuri ni chenyewe. Beringi huwa na namba iliyopigwa kwenye ubavu wake. Ile ya namba 6205 ina tundu la milimita 25 na upana wa nje wa milimita 52. Ile ya namba 6305 ina tundu lile lile, lakini upana wake wa nje ni milimita 62. Tarakimu moja tu yazitenga, na hakuna nguvu iwezayo kuitia ya pili mahali pa ya kwanza. Basi ziweke ya zamani na mpya pamoja, usome namba, upime.

Pili, safisha. Kutu, rangi ya zamani na grisi iliyokauka huziba nafasi ambayo ni ndogo tangu mwanzo. Pangusa kwa kitambaa na mafuta ya taa, ondoa kutu kwa msasa laini, kisha paka mafuta kidogo. Lakini usiikwangue ekseli kwa tupa ili iwe nyembamba. Ikilegea, pete itazunguka juu yake na kuila mpaka iharibike kabisa.

Tatu, tumia moto na baridi. Chuma kikipata joto hutanuka, na kikipoa hunywea. Ndiyo sababu mafundi wa reli, kama ile ipitayo Bungoma kwenda Malaba, waliacha nafasi ndogo kati ya chuma na chuma. Pete ya chuma yenye tundu la milimita 50, ikiongezewa joto la digrii 80 za Selsiasi, hutanuka kiasi cha sehemu tano katika mia za milimita moja. Ni kidogo kuliko unene wa unywele, lakini mara nyingi ndicho kiasi kinachohitajiwa.

Beringi isiyofunikwa huweza kutiwa katika mafuta safi yaliyopashwa moto, ikiwa imening'inizwa isiguse chini ya chombo, na joto lisipite digrii 120. Usiichome kwa moto wa kuchomelea vyuma, kwa maana ugumu wake utapotea. Beringi iliyofungwa na grisi yake ndani isitiwe katika mafuta ya moto. Ikiwa yaingia ndani ya kitovu cha gurudumu, ifunge vizuri isipate unyevu, uiweke katika friji ya kugandisha usiku mmoja, na kitovu ukianike juani.

Nne, sukuma pete iliyo ngumu. Beringi ikivikwa juu ya ekseli, sukuma pete ya ndani; ikiingia ndani ya kitovu, sukuma pete ya nje. Tumia jiliwa au mashine ya kushindilia, pamoja na kipande cha bomba kinacholingana na pete hiyo, nayo iende sawasawa bila kuinama. Anayepiga pete isiyohusika huipitisha nguvu ndani ya gololi, nazo huacha makovu katika njia zake.

Makovu hayo hayaonekani kwa nje. Gari litatoka gereji likiwa zima, na mwenyewe atashukuru. Baada ya muda gurudumu litaanza kuvuma, kisha kupata moto, na mwisho beringi huweza kuvunjika gari likiwa mbioni na watu ndani.

Kwa hiyo, mwenye gari asimharakishe fundi wake, wala fundi asione haya kusema kwamba kazi italala mpaka kesho. Usiku mmoja wa kungoja ni gharama ndogo kuliko roho ya mtu.